Shamba Lisilale Uchi: Desmodiamu, Kiduha na Ngitili Kusini mwa Ziwa Victoria

Mhadhara kwa wakulima, maofisa ugani na wanafunzi wa kilimo, Mwanza



Nimeombwa nizungumzie mimea ya kufunika ardhi, hasa ile yenye majani ya rangi ya fedha inayosifiwa kwa kuvumilia jua. Wenye bustani wanaifahamu. Ipo dikondra, mmea mdogo wa kutambaa wenye asili ya Mexico na kusini-magharibi mwa Marekani, unaofunika ardhi kwa majani ya kijivu yanayong'aa na kuomba maji mara chache. Anayetaka kupamba mawe ya mji wetu huu anaweza kuupanda, na hatajuta. Lakini wengi wenu mliokaa hapa hamna bustani ya maua. Mna ekari mbili au tatu za mahindi na mtama. Kwa hiyo nitazungumzia jani jingine la fedha, linaloweza kufunika ardhi ya shamba na kumlipa mwenye shamba.

Jina lake ni desmodiamu ya majani ya fedha. Wataalamu wanaiita Desmodium uncinatum. Ni jamii ya kunde, inatambaa, kila jani lake lina vijani vitatu, na katikati ya kila kijani umepita mstari mweupe wa fedha. Ukipita kati yake, maganda yake ya mbegu yanang'ang'ania suruali.

Nina hoja moja tu usiku huu. Mmea upo, na sayansi yake imefanyiwa kazi kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano kwenye ufuko wa ziwa hili hili, upande wa Kenya. Ila hautashika Usukumani mpaka tukubaliane juu ya ng'ombe wa kiangazi. Na namna ya kukubaliana hatuna haja ya kuiagiza popote, kwa sababu wazee wetu walituachia ngitili, ule utaratibu wa kufunga malisho kwa makubaliano.

Adui aliye chini ya ardhi

Tuanze na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, maana bila kiduha desmodiamu ingebaki kuwa majani ya ng'ombe tu. Kila mkulima wa nafaka hapa anakijua, kwa maua yake ya zambarau au mekundu yanayopendeza macho katikati ya mahindi yaliyodumaa. Mkulima akiyaona anang'oa, anatupa pembeni, anadhani amemaliza kazi. Kumbe madhara yalishatokea. Kiduha hukaa wiki kadhaa chini ya ardhi kikiwa kimeshika mizizi ya mahindi, kinanyonya maji na chakula kama kupe kwenye kiwele, na kinapotokeza juu mhindi umeshadhoofika.

Mmea mmoja wa kiduha unaweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu. Mbegu hizo ni ndogo kiasi kwamba upepo, maji ya mvua, kwato za ng'ombe na jembe lisilosafishwa vyote vinaweza kuzihamisha. Zikiingia ardhini zinaweza kukaa hai zaidi ya miaka kumi, zikisubiri. Haziamshwi na maji peke yake. Zinaamshwa na kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mmea ulio jirani.

Kemikali ya kwanza ya aina hiyo kutambuliwa ilitangazwa mwaka 1966 na wanasayansi wa Marekani, ambako kiduha kilikuwa kimegunduliwa mwaka 1956 katika mashamba ya mahindi ya majimbo ya Carolina. Waliitoa kwenye mizizi ya pamba. Pamba, ndugu zangu! Zao lililoijenga Mwanza hii. Mizizi ya pamba huiamsha mbegu ya kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuishi juu ya pamba. Kinaota, kinakosa pa kunyonya, kinakufa. Kumbe mkulima aliyekuwa akizungusha pamba na mtama shambani mwake alikuwa anapunguza akiba ya kiduha kila mwaka wa pamba. Leo mashamba yamekuwa madogo, familia imekuwa kubwa, na mahindi yanafuatana na mahindi. Kiduha kimebaki na mlo usiokatika.

Jambo la pili kinalolipenda ni ardhi iliyochoka. Udongo wetu wa luseni, ule wa kichanga ulio juu karibu na vilima vya mawe, hupoteza naitrojeni upesi, na pale ndipo kiduha hushamiri zaidi. Kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kulikuwa na kazi ya mtama na kiduha tangu miaka ya 1950, alipokuwapo mtaalamu wa mtama Hugh Doggett. Kwa hiyo tatizo hili halikuanza jana, na si kwamba mkulima wa Usukuma amelala.

Jambo la tatu, linaloichosha ardhi hiyo zaidi, linatuhusu sisi na majembe yetu. Tumefundishwa kwamba shamba zuri ni lile lililopaliliwa likabaki udongo mtupu kati ya mistari. Mgeni akipita anasifu. Lakini mvua ya Aprili ikipiga udongo huo, tabaka la juu lenye rutuba linaondoka. Linateremka mabondeni, linaingia Mto Simiyu, linamwagwa Ghuba ya Speke. Virutubisho tulivyovililia shambani vinakwenda kulisha mwani na gugumaji, ambalo limesumbua wavuvi na vivuko vyetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mkulima anakosa mahindi, mvuvi anakosa njia ya kupitisha mtumbwi, na chanzo kimojawapo ni udongo ule ule ulioachwa uchi.

Kilichoonekana Mbita

Ukivuka maji kuelekea kaskazini-mashariki unafika Mbita, kwenye Kaunti ya Homa Bay, mkabala na kisiwa cha Rusinga. Hapo pana kituo cha utafiti cha icipe, taasisi ya kimataifa ya elimu ya wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo. Mwaka 1993 mtaalamu wa wadudu mwenye asili ya India, Zeyaur Khan, alianza kazi icipe akishughulikia funza wa mashina, wale wanaotoboa bua la mahindi na mtama. Alishirikiana na John Pickett wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza.

Walichotafuta ni mimea ya aina mbili. Mmoja upandwe ndani ya mahindi, uwasumbue nondo wanaotaga mayai ya funza. Mwingine upandwe pembezoni, uwavutie nondo hao wakatage huko. Pembezoni waliweka mabingobingo. Ndani ya mahindi walijaribu majani kadhaa, kisha wakaijaribu desmodiamu, kwa kuwa ni kunde na ni chakula cha mifugo. Funza walipungua. Lakini wakaona na jambo ambalo hawakulitafuta: mahali palipokuwa na desmodiamu, kiduha kilitoweka.

Watafiti hawakutosheka kuona. Huenda kivuli ndicho kilichozuia kiduha. Huenda ni naitrojeni inayoletwa na kunde. Wakatenganisha mambo hayo moja moja. Walimwagilia mahindi kwa maji yaliyopita kwenye mizizi ya desmodiamu iliyopandwa chombo kingine, pasipo kivuli chochote, na kiduha bado kikapungua. Kivuli na naitrojeni vinasaidia, lakini kazi kubwa inafanywa na mizizi yenyewe. Mizizi hiyo hutoa kemikali za namna mbili: moja inaamsha mbegu ya kiduha, nyingine inakizuia kisikuze mzizi wa kushika mhindi. Mbegu inaamka na kufa hapo hapo. Tofauti na pamba ni kwamba desmodiamu inafanya hivyo mahindi yakiwa shambani, tena msimu baada ya msimu, kwa sababu ni mmea wa kudumu.

Mbinu hii inaitwa sukuma-vuta, na makumi ya maelfu ya wakulima wa Afrika Mashariki wameshaipanda. Icipe inaeleza kwamba kwenye mashamba yaliyoharibiwa na kiduha na funza, mavuno ya mahindi yamepanda kutoka kiasi cha tani 1 kwa hekta hadi tani 3.5. Kwa hesabu yetu ya ekari, ni kutoka magunia kama manne ya kilo mia hadi kumi na manne. Msitegemee kumi na manne mwaka wa kwanza. Hiyo ni hesabu ya shamba lililokwisha kutulia.

Mwaka 2016 viwavijeshi vamizi, wenye asili ya Amerika, walionekana Afrika Magharibi, na mwaka uliofuata walikuwa wameshaingia Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwenye mashamba ya wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba katika mashamba ya sukuma-vuta viwavi hao walikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko kwenye mahindi yaliyosimama peke yake. Ni kwa njia gani hasa, wataalamu bado wanabishana. Maelezo ya zamani ni kwamba harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo. Siku hizi wapo watafiti wanaosema harufu hiyo ni ndogo mno, na kwamba vinywele vyenye ndoana vilivyo juu ya jani ndivyo vinavyowanasa viwavi wadogo na kuwaua. Mkulima anaweza kupanda huku wao wakiendelea kubishana.

Rangi ya fedha si hati ya kuvumilia ukame

Hapa inabidi niwe mkweli juu ya mada niliyopewa. Mimea mingi ya fedha ya nchi kavu imevikwa manyoya meupe yanayorudisha mwanga wa jua na kuzuia unyevu usitoke haraka kwenye jani. Ndiyo maana mwenye bustani akiona fedha anafikiri ukame. Desmodiamu yetu haina vazi hilo. Mstari wake ni rangi tu, na asili yake ni sehemu zenye mvua za Amerika ya Kusini. Iliposajiliwa kama jani la malisho huko Queensland, Australia, mwaka 1962, ilipelekwa maeneo yenye mvua ya kutosha. Inataka kama milimita 900 kwa mwaka au zaidi.

Mwanza mjini tunapata karibu milimita 1,000, lakini zimegawanyika kati ya vuli na masika, na kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi kikavu. Ukerewe na fuko za Sengerema zinaweza kuilea desmodiamu ya fedha bila taabu. Kwimba, na sehemu za Magu zilizo mbali na ziwa, haziwezi kuitegemea. Huko apandwe ndugu yake wa majani ya kijani, Desmodium intortum, anayestahimili kiangazi vizuri zaidi. Icipe wenyewe walifanya badiliko hilo mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ajili ya maeneo makavu. Pembezoni nako waliondoa mabingobingo, ambayo yalikuwa yanashambuliwa na ugonjwa wa kudumaa, wakaweka brakiaria aina ya Mulato II. Brakiaria ni nyasi za Afrika zilizokwenda Amerika, zikachanganywa na wataalamu nchini Colombia, kisha zikarudi nyumbani zikiwa na nguvu mpya. Ule utafiti wa viwavijeshi niliotaja ulitumia desmodiamu ya kijani pamoja na brakiaria.

Kwa hiyo ofisa ugani akija kijijini na pakiti ya mbegu, swali la kwanza liwe hili: ni ipi, na kijiji hiki kinapata mvua kiasi gani?

Kupanda

Mbegu ya desmodiamu ni ndogo sana. Ichanganye na mchanga mkavu laini ili ipate kusambaa sawasawa. Mistari ya mahindi iachane sentimita 75, na katikati ya kila mistari miwili chora kifereji chembamba kwa ncha ya fimbo, mwaga mbegu, funika kwa udongo kidogo sana. Ukifukia kama unavyofukia punje ya mahindi haitatoka. Panda mvua zinapoanza, pamoja na mahindi au mapema kidogo.

Msimu wa kwanza utakukatisha tamaa. Desmodiamu inaota polepole, magugu yanaishinda mbio, na mtoto asiyeijua atapita na jembe aifyeke yote. Palizi ya wiki ya tatu na ya sita hufanywa kwa uangalifu, pengine kwa mkono kwenye mstari wenyewe. Anayeshika jembe hilo mara nyingi ni mama, na ndiye anayepaswa kuonyeshwa miche hiyo inavyoonekana ikiwa michanga. Mafunzo yakitolewa kwa baba chini ya mwembe wakati mama yuko shambani, mbegu zimepotea.

Kuanzia msimu wa pili mambo hugeuka. Desmodiamu imeshafunika nafasi kati ya mistari. Magugu yanakosa mwanga, matone ya mvua hayapigi udongo moja kwa moja, na palizi inapungua. Kabla ya kupanda tena unaikata ibaki fupi, majani unawapa mifugo, kisha unatifua ule ukanda wa mahindi peke yake. Mwanzoni ng'ombe wengine huyakataa kwa sababu ya ukakasi wake. Yachanganywe na nyasi, watazoea.

Mbegu za kununua ni ghali. Lakini desmodiamu hutoa mizizi kwenye vifundo vya shina, na mwenye shamba lililokomaa anaweza kukata vipande mwanzo wa mvua akampa jirani. Wanaopenda maharage wanaweza kuyapanda kwenye mstari wa mahindi wenyewe.

Ng'ombe wa kiangazi

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo. Huko Vihiga na Homa Bay, ambako sukuma-vuta ilienea mapema, shamba ni dogo, mara nyingi lina uzio wa mimea, na ng'ombe wa maziwa hufungwa bandani au kamba shingoni. Hapa kwetu mahindi yakishavunwa shamba linakuwa la wote. Ng'ombe wa kijiji kizima huingia kula mabua, na hakuna anayeliona kosa. Ni utaratibu wa miaka mingi wenye faida zake, kwa kuwa mabua yanageuka nyama na samadi.

Fikirini sasa desmodiamu yangu imesimama Julai, mbichi, katikati ya nyika iliyokauka. Mifugo ya nani itaipita? Itang'olewa na kukanyagwa ndani ya siku chache, na Oktoba sitakuwa na kitu. Jirani yangu hatakuwa ameniibia. Atakuwa amefuata desturi. Tatizo la pili ni plau. Wengi wetu tunalima kwa maksai, na plau inayopita shamba zima inang'oa mmea ulioachwa makusudi udumu. Haya mawili ndiyo yanayoweza kuua majaribio huku kwetu, hata mbegu zikigawiwa bure.

Wakoloni waliwahi kujaribu kuokoa ardhi hii kwa amri. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, uliwalazimisha watu kutengeneza matuta, kutia samadi na kupunguza mifugo, na asiyetii alitozwa faini. Baadhi ya mawazo yale kitaalamu hayakuwa mabaya. Lakini watu waliyachukia kwa jinsi yalivyoletwa, chuki hiyo ikaipa TANU, chama kilichopigania uhuru, wafuasi wengi Kanda ya Ziwa, hata serikali ikakipiga marufuku chama hicho hapa tangu mwaka 1954 hadi 1958. Amri ilipoondoka, na matuta mengi yaliondoka nayo.

Linganisheni na ngitili. Mzee alitenga eneo la nyasi, akalifunga mvua zinapoanza, akalifungua kiangazi kikiwa kikali. Jirani aliheshimu mpaka usio na waya wala ukuta kwa sababu dagashida, baraza la jadi la kijiji, lilikuwa limesema, na mvunjaji alitozwa na wenzake. Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ilipoanza mwaka 1986, haikubuni utaratibu mpya, iliufufua huo. Ngitili zilizorekodiwa Shinyanga wakati huo zilikuwa kama hekta 600. Miaka ya 2000 ilipoanza, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Hakuna mradi wa uzio ambao ungeweza kuzungushia eneo hilo waya.

Ninachopendekeza ni kuitanua ngitili iingie shambani. Ipo tofauti moja ya kuizingatia: ngitili ya nyasi hufungwa masika na kufunguliwa kiangazi, ilhali shamba la desmodiamu linatakiwa lifungwe mwaka mzima, mwenyewe akate na kuwapelekea mifugo. Jirani atapoteza mabua ya shamba hilo, na lazima tuseme wazi atapata nini. Anaweza kupewa vipande vya kupandia, au sehemu ya majani mwezi wa Septemba. Makubaliano yasiyo na fidia huvunjika kiangazi cha kwanza.

Pa kuanzia

Kwanza, wakulima wasianze mmoja mmoja, wametawanyika. Kaya tano au sita zenye mashamba yanayopakana zianze pamoja, kila moja na robo ekari, sehemu ile yenye kiduha kingi kuliko zote. Robo ekari inalimika kwa jembe la mkono, hivyo plau haihitaji kuingia. Eneo lililoungana ni rahisi kulilinda kuliko viraka.

Pili, jambo lipelekwe dagashida kabla mbegu haijafika kijijini, si baada ya ugomvi. Likikubalika, halmashauri ya kijiji iliandike kuwa sheria ndogo. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imeipa uwezo huo. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walinde walichokubaliana wenyewe.

Tatu, ninawaomba ndugu zetu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Ukiriguru wapande aina zote mbili, ya fedha na ya kijani, kwenye luseni na kwenye udongo mzito wa bondeni, ili wakulima waje waone kwa macho. Na vikundi vinavyoweza kuzalisha mbegu visaidiwe kukidhi masharti ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu, ili fedha ya mbegu ibaki Kanda ya Ziwa.

Nne, tupime. Kila kikundi kiache kipande cha mahindi matupu kando ya kile cha desmodiamu, kihesabu viduha vilivyotokeza na magunia yaliyopatikana katika vyote viwili, kwa misimu minne. Kipande cha desmodiamu kikishindwa, tutajua kimeshindwa wapi, kwenye mvua au kwenye ng'ombe, na tutaacha kulaumu mbegu kwa kosa la desturi.

Wanafunzi, kazi hiyo ya kuhesabu ni yenu. Wazee, kazi ya dagashida ni yenu, na hakuna profesa anayeweza kuifanya badala yenu. Mkisema leo kwamba ng'ombe hawezi kuzuiwa, basi tusipoteze mbegu. Tutafute mbinu nyingine. Mkisema anaweza, tuanze na vuli inayokuja.

Nipo tayari kwa maswali, na ningependa wafugaji waanze.